Natoka saa 10 alfajiri kwenda mwaloni, watoto wanabaki na nani?

Ndugu washauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kike ana miaka 9 na wa kiume miaka 6. Tunakaa Igombe, huku Ilemela, Mwanza, kwenye nyumba ya kupanga yenye wapangaji wengi. Choo na bafu ni vya pamoja, viko uani kwa nyuma. Kazi yangu ni dagaa. Wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, natoka saa 10 alfajiri kwenda mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, niwahi ikirudi, nikishanunua naanika, nakuja kumaliza saa 3 asubuhi. Watoto wanaamka wenyewe, wanajiandaa na kwenda shule. Baba yao ni mvuvi, anakaa kambini kisiwani wiki tatu hata nne ndipo anarudi.

Kuna mambo mawili yananikosesha usingizi. Mwezi uliopita mdogo wake mume wangu, kijana wa miaka 19, amekuja kutoka kijijini kutafuta kazi ziwani. Sisi tuna chumba na sebule. Yeye na watoto wanalala sebuleni, mkeka mmoja na neti moja, kwa sababu ndiyo iliyopo. Hajaonyesha tabia mbaya, ni mpole na watoto wanampenda.

La pili ni jirani yetu, mtu mzima mwenye mitumbwi yake. Hapa uani yeye ndiye mwenye king'amuzi, kwa hiyo watoto wanakwenda kwake kuangalia katuni. Jirani huyo humwita binti yangu "mchumba wangu" na kumnunulia chipsi. Wiki iliyopita nilikuta shilingi 500 kwenye begi la shule la binti. Nilipomuuliza alisita, kisha akasema, "Mzee kanipa, kasema nisikwambie, ni siri yetu."

Nilimgusia mama mkwe. Akasema mjini pameniharibu, nawawazia watu mabaya, na kwamba nataka kumfukuzisha mwanawe kwa kaka yake. Huyo jirani naye alitukopesha hela ya hospitali mwaka jana. Naogopa kumsingizia mtu, na kunyamaza nako naogopa. Nianzie wapi?

Mama wa wawili, Igombe

*

Dada yetu, pole na majukumu, na umefanya vizuri sana kuandika sasa hivi, kabla hujawa na la kusimulia polisi.

Tuondoe kwanza mzigo ambao si wako. Unadhani ni lazima ujue kama shemeji yako au jirani ni mtu mbaya ndipo uchukue hatua. Hapana. Hakuna mzazi anayeweza kumjua mtu kwa kumtazama, na anayedhuru watoto mara nyingi ndiye anayesifiwa upole, anayekopesha, anayependwa na watoto. Kazi yako ni nyepesi kuliko hiyo: kuondoa nafasi ya mtu yeyote, awe mwema au mbaya, kubaki faragha na wanao kwa saa zinazojulikana. Ukifanya hivyo humsingizii mtu.

Tuanze na ile shilingi 500, kwa sababu ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Hela yenyewe si kitu. Watu wazima huwapa watoto hela kila siku. Tatizo ni lile neno "nisikwambie". Mtu mzima akimwomba mtoto amfiche mama yake jambo, hata dogo, anampima kama anaweza kunyamaza. Mtoto akinyamaza kwenye hela, kesho ni simu yenye picha, keshokutwa ni mkono. Hivyo ndivyo watoto wengi wanavyozoeshwa polepole: anachaguliwa yule ambaye mzazi wake ana shughuli nyingi, wazazi wanakopeshwa na kufadhiliwa mpaka waone aibu kumkatalia, mtoto anapewa zawadi na jina lake la pekee, anatengwa na wenzake kidogo kidogo, kisha siri. Hatusemi jirani yako amefika huko. Tunasema hatua hizo ndizo zinazotumika, na umetaja zaidi ya moja. Hilo linatosha kukufanya uchukue hatua leo, ingawa halitoshi kumtangaza mtu.

Usiende kwa jirani kwanza. Anza na mtoto.

Tafuta wakati mko wawili tu na mikono ina kazi, mnachambua dagaa au mnaosha vyombo. Mtoto huongea vizuri zaidi akiwa hatazamwi usoni. Mwambie, "Ulifanya vizuri kuniambia kuhusu ile hela, na sijakasirika." Kisha, "Hebu nisimulie, mkienda kwa Mzee huwa mnafanya nini?" Halafu nyamaza wewe. Akisema wanaangalia katuni, uliza "Halafu?" basi. Usimuulize "Amekushika?" wala "Amekufanyia hivi?" Mtoto wa miaka 9 anaweza kujibu ndiyo ili kukuridhisha, au hapana kwa sababu ameona hofu machoni mwako, na baadaye kama kuna kesi, wakili atauliza maneno hayo aliyaweka nani mdomoni mwa mtoto. Na tunakuomba sana usimchape kwa kupokea hela. Mtoto aliyechapwa kwa 500 hatakuja kusema la 5,000.

Kama hana la kusema, liache, urudie siku nyingine. Watoto wengi husema kwa vipande: leo neno moja, baada ya wiki jingine, na wakati mwingine husema kisha hukana.

Akisimulia jambo baya, acha kabisa kumkabili jirani, na usimwambie mtu yeyote pale uani. Mtu mwenye mtumbwi akishtuka anavuka kisiwani usiku huohuo. Ruka maelezo yafuatayo, nenda kule chini tulikoandika la kufanya.

Kama mtoto hana jambo, ndipo urudishe hela. Mchukue mtu mzima mwenzako, jirani wa kike unayemwamini, mwende mchana, mlango wazi. Mwambie kwa heshima: "Shikamoo Mzee. Mtoto ameniambia kuhusu hela uliyompa. Tunashukuru, ila kwetu watoto hawapokei kitu bila mimi kujua, na hatuwafundishi siri. Naomba nikurudishie." Usiongeze neno. Mtu mwenye nia njema ataona haya kidogo na kuacha. Mwenye nia mbaya atapata taarifa aliyokuwa akiitafuta, kwamba binti yako anasema na mama yake anafuatilia, na kwa kawaida atarudi nyuma. Deni la hospitali lilipeni kidogo kidogo kwa pesa, kwa jina la baba wa nyumba. Lisilipwe kwa mtoto kutumwa wala kwa ukimya. Katuni za ndani kwake ziishe. Akitaka kuwafurahisha watoto, alete runinga ukumbini, watu wote waone.

Lile la "mchumba wangu" tulitenge. Sisi tuna utani wa babu na mjukuu, ni mila, na hatuuombei ufe. Lakini utani huo husemwa mbele za watu, hauna kushikanashikana, hauna kwenda pembeni, na mtoto akinuna babu anaacha. Jirani si babu yake. Mwambie binti aseme, "Naitwa jina langu," na wewe umuunge mkono hapohapo. Vivyo hivyo kwenye salamu: shikamoo inatosha. Mtoto asilazimishwe kupakatwa wala kukumbatiwa na mtu eti asionekane hana adabu, kwa sababu siku akihitaji kukataa atakuwa ameshafundishwa kwamba mwili wake hauna kauli.

Sasa shemeji yako. Hapa mama mkwe yuko sahihi kwa jambo moja, kijana hajafanya kosa. Kwa hiyo usilijenge suala kwenye tabia yake, lijenge kwenye kanuni ya nyumba: mtoto halali kitanda, mkeka wala neti moja na mtu mzima au kijana aliyebalehe, awe mjomba, baba mdogo, binamu, dada wa kazi au mgeni wa siku moja. Kanuni hiyo ikimhusu kila mtu, hakuna aliyetukanwa. Ikianza siku ukimshuku mtu, umechelewa na umemtukana pia. Na wanaodhuru watoto si watu wazima tu; wengine, na si wachache, ni vijana ambao hata 18 hawajafika, kwa hiyo kanuni iwahusu na binamu wakubwa wanaokuja likizo.

Watoto wahamie chumbani kwako, na shemeji abaki sebuleni na mkeka wake. Neti ndiyo iliyowaweka pamoja, basi nunua neti ya pili kabla ya kitu kingine chochote mwezi huu. Kwa pwani ya ziwa na mbu wake, ukiwatenga bila neti watarudi palepale baada ya siku mbili. Baba akiwa nyumbani, pazia zito katikati ya chumba linatosha kwa umri wao.

Halafu kuna saa 10 alfajiri mpaka watoto wanapotoka kwenda shule, na hapa ndipo tungependa ukae ufikiri zaidi kuliko pengine pote. Uani kwenu kila mtu anajua kalenda yako. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliwi, uko nyumbani. Giza likiingia, watoto wanabaki bila mzazi kila alfajiri, saa zilezile, mlango uleule. Hatari ya watoto haiko sana vichakani kwa watu wasiojulikana, iko kwenye saa tupu zinazojulikana na watu wa karibu.

Shemeji anatafuta kazi ziwani? Basi aende nawe mwaloni. Akubebee ndoo, asaidie kuanika, ajuane na manahodha wanaotafuta watu. Atapata kazi haraka kuliko akilala mpaka saa 1, nawe utakuwa umemwondoa sebuleni bila neno lolote baya kusemwa.

Watoto nao wasibaki wenyewe. Bila shaka hauko peke yako, wapo akina mama wenzako wa dagaa wenye watoto. Jikusanyeni watatu au wanne. Kila alfajiri mmoja anabaki na watoto wote chumba kimoja, wenzake wanamnunulia ndoo zake na kumwanikia, zamu inazunguka. Gharama yake ni uaminifu wa hesabu tu, kwa hiyo andikeni kwenye daftari nani kanunuliwa ndoo ngapi kwa bei gani. Mipango hii huwa inavunjika kwa ugomvi wa pesa kabla ya jambo jingine lolote. Msimwachie zamu kijana wa kaka wa mtu fulani kwa sababu mmoja wenu ameumwa. Akiumwa, mwingine anabaki.

Mlango uwe na komeo la ndani ambalo mtoto wa miaka 9 analifikia. Usiwafungie kwa kufuli kwa nje hata siku moja, moto ukitokea hawatatoka. Weka ndoo yenye mfuniko ndani ili asitoke mtu kwenda choo cha nyuma usiku. Mlango wa bafu kama unafungwa kwa khanga, changishaneni wapangaji mnunue bawaba na komeo, na taa ndogo ya sola iwekwe njia ya chooni. Kuchota maji ziwani kuishe kabla jua halijazama, na waende wengi. Shuleni waende kwa kundi. Bodaboda wa lifti ya bure hapana, hata kama ni mtoto wa jirani.

Kuwafundisha watoto ni lazima, ila tuseme wazi: mtoto wa miaka 9 hawezi kumzuia mtu wa miaka 40. Mafunzo hayamfanyi ajilinde, yanamfanya aseme mapema. Wataje viungo kwa majina yake, uume, uke, makalio, matiti, maana mtoto anayesema "kanishika kidude" huenda asieleweke na mwalimu wala hakimu. Wajue kwamba sehemu hizo hakuna anayezishika wala kuzionyesha wala kuomba kuzitazama, isipokuwa mama akimwogesha au muuguzi mama akiwepo. Wajue kwamba akikatazwa kukwambia jambo, hilo ndilo la kwanza kukwambia. Na kila mmoja awe na watu watatu wa kumwendea ukiwa haupo, mmoja awe wa nje ya ukoo, kwa mfano mwalimu wa kike wa shuleni. Yasemeni wakati wa kuoga, mara kwa mara, kwa sauti ya kawaida.

Usimsahau wa kiume. Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana ni karibu 1 kati ya 7. Wavulana husema kidogo zaidi, kwa sababu wameambiwa wajikaze. Mabanda ya video na kuogelea ziwani na wakubwa ndizo sehemu za kuangalia kwa wa miaka 6.

Dalili? Mtoto kukojoa kitandani baada ya kuacha, kuogopa nyumba au mtu fulani ghafla, kujua mambo ya ngono yaliyozidi umri, maumivu akikojoa, uchafu au harufu sehemu za siri, vitu asivyoweza kueleza vimetoka wapi, kushuka shuleni. Lakini kutokuwepo dalili hakukuhakikishii lolote, watoto wengi hawaonyeshi kitu.

Sasa tuliloahidi. Mtoto akikwambia amefanyiwa jambo, yeyote awaye, mwambie: nakuamini, si kosa lako, umefanya vizuri kuniambia. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Usimwogeshe wala kumsafisha hata kama anaomba. Nguo alizovaa weka kwenye bahasha ya khaki au khanga safi, zisiwekwe kwenye nailoni, unyevu huharibu ushahidi. Andika saa na maneno yake kama alivyoyasema.

Kisha hospitali, siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Humezwa siku 28 bila kuruka. Kwa msichana aliyeanza kupevuka, dawa ya kuzuia mimba inafaa ndani ya saa 120. Zikipita saa hizo bado nendeni, kuna majeraha, magonjwa mengine na unasihi. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, watakupa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kama hospitali iko karibu kuliko polisi, anza hospitali, useme mapema kwamba fomu inafuata. Kutoka Igombe, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure ndiyo ya kuilenga ikiwa kituo cha karibu hakina huduma hiyo. Simu ya Mtoto, namba 116, ni bure, na unaweza kuipiga hata leo kwa ajili ya ile 500 tu. Afisa ustawi wa jamii naye ni haki yako kumwona kupitia ofisi ya kata.

Uchunguzi ukionyesha mwili hauna alama, usikate tamaa na usimfikirie mtoto kuwa mwongo. Mara nyingi hakuna alama. Sheria yetu inaruhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kutoa ushahidi kwa kuahidi kusema ukweli, na katika makosa haya mahakama ikiridhika anasema kweli inaweza kumtia mtu hatiani kwa neno lake peke yake. Adhabu ya kubaka ni miaka 30 au zaidi, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kumlawiti mtoto wa chini ya miaka 18, maisha.

Watakuja wazee. Watataka ng'ombe watolewe, yaishe kifamilia, hasa mtuhumiwa akiwa ndugu. Usikae kwenye kikao hicho. Hili ni kosa la jinai, haliishi kwa wazee kupatana, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Mtoto aliyeumizwa asihamishwe kupelekwa kwa bibi ili mkosaji abaki. Anayehama ni mtu mzima.

Mama mkwe tungemwachia mume wako. Mpigie simu kambini kabla giza lijalo halijaanza, umsomee kanuni ya kulala na mpango wa shemeji kwenda mwaloni, kisha yeye ndiye ampigie mama yake na mdogo wake. Kanuni ikitoka kwa mwanawe itapokewa kama utaratibu wa nyumba, ikitoka kwako itaitwa chuki ya mkwe. Suala la jirani mwambie pia, lakini mwombe asimpigie wala asimtafute mpaka umeongea na binti.